Rangi ya Maji ya Mlezi

Hadithi hii si ya zamani za kale, wala si ya mbali. Ni ya nchi moja isiyokuwapo kwenye ramani, kwa sababu wachora ramani walipofika mpakani waliombwa kibali cha kuchora, na hadi leo bado wako kwenye foleni. Msomaji asijisumbue kuitafuta. Na akihisi kwamba aliwahi kupita huko, basi yuko pamoja na wengi, na anyamaze kama wao.

Katika nchi hiyo mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi kumi na mmoja. Mabomba ya mjini yalitoa upepo, na siku njema yalitoa mjusi. Lakini bwawa la kuogelea lilikuwako, moja tu, nyumbani kwa Mlezi wa Taifa, nyuma ya jiko lake, refu hatua arobaini, nalo lilijaa hadi ukingoni. Mlezi mwenyewe hakuogelea. Inasemekana aliogopa maji tangu utotoni. Hata hivyo wasaidizi wake waliona si heshima kiongozi kukosa bwawa wakati wananchi wanakosa ndoo, kwa maana wananchi wangejiuliza, sasa tofauti iko wapi?

Bwawa lilikuwa na mpimaji wake, Mzee Ngwali Faki, mtu mwembamba wa miaka sitini na mitatu, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Kila asubuhi alipiga goti ukingoni akazamisha kichupa hadi maji yakamfika kiwikoni, kwa kuwa maji ya juujuu hudanganya, jua huyanyang'anya klorini. Kisha alitia matone matano ya dawa na kutikisa. Maji yakibaki meupe, klorini haimo, na vijidudu vinacheza ngoma humo. Yakigeuka waridi hafifu, maji ni mazima. Yakiwa mekundu kama juisi ya rosela, klorini imezidi, na atakayeingia atatoka akilia. Halafu alilinganisha na kadi yake ya rangi tano, akaandika kwenye daftari, akaenda kunywa chai. Hakuna aliyewahi kumshukuru, naye hakuwahi kungoja shukrani.

Nyumbani aliishi na mjukuu wake, Siwatu, mtoto wa miaka tisa, ambaye mama yake alivuka mpaka kutafuta kazi na sasa alituma salamu tu. Kwa kuwa hawakuwa na televisheni, jioni Ngwali alimfundisha mtoto kupima maji ya mtungi.

"Shika juu, mwanga uwe nyuma yako. Haya, rangi gani?"

"Nyeupe, babu. Hapana... kama waridi. Kidogo sana."

"Sema moja."

"Waridi kidogo sana."

"Ahsante, mama. Sema rangi unayoiona. Si unayoitaka wewe, wala si ile uliyoambiwa na mtu."

"Na kama haipo kwenye kadi?"

"Basi sema haipo kwenye kadi."

Akamfundisha na kichupa cha pili, cha uchachu, maana maji nayo yana tabia. Yakielemea upande wa ndimu huchoma macho, na yakielemea upande wa magadi klorini hulala humo humo isifanye kazi, kama mtumishi wa serikali saa nane mchana. Siwatu alicheka. Ngwali akamwambia asiirudie hiyo shuleni.

*

Mambo yalikuwa hivyo hadi alipoteuliwa Waziri mpya wa Maji Tulivu, Mheshimiwa Profesa Kanali Mwinyikambi. Uprofesa wake alipewa na jeshi, na ukanali alipewa na chuo, hivyo hakuna upande uliomwonea mwingine wivu. Siku yake ya kwanza kazini alitembelea bwawa, akamkuta Ngwali amepiga goti.

"Huyu mzee anafanya nini kwenye maji ya Mlezi?"

"Nayapima, Mheshimiwa."

"Peke yako?"

"Peke yangu, Mheshimiwa. Miaka ishirini na miwili."

Waziri akageuka rangi. "Kwa hiyo kwa miaka ishirini na miwili, katika nchi hii, kuna mtu mmoja ambaye kila asubuhi anajua jambo kuhusu Mlezi kabla ya sisi wengine kulijua?"

Wiki ile ile Bunge lilipitisha Sheria ya Uaminifu wa Maji. Tangu siku hiyo maji yalichotwa na mpimaji, lakini hayakutiwa matone mpaka yapite madirisha saba: geti, ulinzi, itifaki, mazingira, maadili, takwimu, na dirisha la saba lililopokea malalamiko kuhusu yale sita. Kila dirisha liligonga muhuri wake kwenye kichupa. Kwa kuwa kichupa ni kidogo na mihuri ni mikubwa, kilifungiwa kipande cha ubao, na ubao ukawekwa juu ya sinia, na sinia likangoja nje juani wakati ofisa anamalizia chai yake. Kichupa kilichotoka bwawani saa moja asubuhi kilifika kwa Waziri saa tisa alasiri.

Sasa klorini haina subira ya foleni. Ukiiweka juani kutwa nzima katika kichupa, inakwenda zake. Matone yalipotiwa mbele ya Waziri, maji yalibaki meupe pe.

"Sifuri!" alisema Waziri. "Nani anaiba klorini ya Mlezi?"

"Mheshimiwa, haijaibwa," alisema Ngwali. "Ni jua. Ukiniruhusu nipime pale pale—"

"Bwana Mpimaji, unalisingizia jua?"

Mlinzi wa zamu akakamatwa. Waziri akaamuru itiwe ndoo moja ya klorini kila siku, nje ya kipimo cha kawaida, mpaka rangi itakapopanda. Kesho yake kichupa kikafika saa tisa, kikiwa cheupe. Ndoo nyingine ikatiwa. Keshokutwa hivyo hivyo. Kwa siku arobaini na moja ilitiwa ndoo kila siku, na kwa siku arobaini na moja kitabu cha serikali kiliandika kwamba ndani ya bwawa la Mlezi hamna klorini hata chembe.

Mbayuwayu waliozoea kushuka na kunywa wakiwa hewani waliacha kuja. Mmoja ambaye hakupata habari alikutwa ukingoni, na kwenye ripoti aliandikwa kuwa amepumzika. Vigae vya buluu vikaanza kufifia. Wapishi walifunga madirisha ya jiko na kupika huku wakikohoa. Waziri alifika, akavuta pumzi kubwa akiwa na leso puani, akawageukia waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi, mnaisikia harufu hii? Hii ndiyo harufu ya usafi. Mnapokohoa, jueni kwamba mnaukohoa uchafu wenu wa zamani."

Waandishi wakakohoa kwa pamoja, na gazeti la kesho likaandika kwamba walipiga makofi.

*

Ngwali aliogopa. Hatuna sababu ya kumpamba, aliogopa kweli, maana mlinzi wa zamu alikuwa bado hajarudi na mke wake alishaanza kuvaa nyeusi. Lakini asubuhi moja, kabla geti halijafunguliwa, aliinama ukingoni kwa desturi ya zamani, akachota, akatia matone pale pale.

Kichupa kikawaka nyekundu, nyekundu ya kutisha, kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha nyekundu ikayeyuka mbele yake, na maji yakabaki meupe kabisa, kama ya kunywa.

Alikuwa amewahi kuambiwa jambo hilo na mwalimu wake wa kazi, ila hakuwahi kuliona. Klorini ikizidi kupita kiasi huila hata ile dawa ya kuipimia. Inaifuta rangi kama inavyofuta rangi ya shati. Kichupa kinakuwa cheupe, na asiyejua anasema hamna kitu, kumbe kimejaa mno hadi hakiwezi kusema. Ngwali alikaa chini kwenye vigae. Sasa hata akipima pale pale, na sheria ikamruhusu, na Waziri akasimama karibu yake, bado wote wangeona nyeupe.

Alirudi nyumbani akamkuta Siwatu anaruka mlangoni na barua yenye nembo ya dhahabu.

"Shikamoo babu! Nimechaguliwa!"

"Marahaba. Umechaguliwa nini, mama?"

"Siku ya kuzaliwa Mlezi! Watoto ishirini tutaogelea kwenye bwawa lake, na mimi natangulia mbele na bendera! Mwalimu kasema ni kwa sababu wewe unafanya kazi kule, kwa hiyo mimi maji siyaogopi."

Ngwali aliisoma barua mara mbili. Zilibaki siku sita. Akamshika mtoto kichwani.

Kesho yake alikwenda ofisi ya sherehe. Karani alikuwa na kitambaa kirefu kilichochapwa majina ishirini.

"Naomba jina la mjukuu wangu litolewe. Ana kikohozi."

"Hawezi kuwa na kikohozi, mzee. Waraka unasema siku hiyo hakuna mtoto anayeumwa."

"Basi sema amesafiri."

"Jina likishachapwa kwenye kitambaa halitoki. Labda kitambaa kichanwe, na kitambaa kina picha ya Mlezi upande wa pili." Karani akashusha sauti. "Mzee wangu, watu wanahonga ili watoto wao waingie. Wewe una nini?"

"Maji yale yatawaunguza watoto."

Karani akatazama mlangoni, akaanza kupanga makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. "Mimi sijasikia," alisema. "Na wewe hujaja."

*

Ilimbaki njia moja, ya vijiko. Ukitaka kuifanya klorini iliyozidi iseme, ipunguze nguvu. Kijiko kimoja cha maji ya bwawa, vijiko tisa vya maji safi ya kunywa, changanya, tia matone. Rangi haitaliwa tena, itabaki, na utaizidisha mara kumi. Ni jambo la jikoni, hata mwenye kuonja mchuzi uliozidi chumvi analijua.

Ngwali aliomba kikao, na kwa kuwa Waziri alifikiri anakuja kuungama wizi, akapewa. Akaweka mezani kijiko, chupa ya maji ya kunywa, na maji ya bwawa aliyoyachota asubuhi ile. Kwanza akapima ya bwawa peke yake. Yakawaka, yakafutika.

"Nyeupe," alisema Waziri. "Sifuri. Kama siku zote."

"Sasa tazama hapa, Mheshimiwa." Akapima vijiko, akatikisa, akatia matone.

Kichupa kikawa chekundu kama rosela, na wekundu ukakaa. Katibu wa Wizara akasogea nyuma na kiti chake.

"Hii ni sehemu moja tu kati ya kumi," alisema Ngwali. "Mle ndani ni mara kumi ya haya. Mtoto akifumbua macho humo, Mheshimiwa, hatayafumbua tena. Nakuomba kwa Mungu. Bwawa limwagwe nusu, litiwe maji mapya, lingoje wiki moja. Watoto wataogelea mwezi ujao, na Mlezi atakuwa bado amezaliwa."

Waliokuwamo wakakitazama kichupa. Mtu angedhani ukweli umeingia chumbani na sasa unatafutiwa kiti. Profesa Kanali Mwinyikambi akaikodolea macho ile chupa ya maji ya kunywa.

"Maji haya uliyoongeza umeyatoa wapi?"

"Nyumbani, Mheshimiwa. Ya mtungi."

"Kwa hiyo maji ya Mlezi, yakiwa peke yake, ni meupe. Yanakuwa mekundu pale tu yanapochanganywa na maji ya kwako."

"Mheshimiwa, siyo—"

"Jibu ndiyo au hapana."

Ngwali akatazama vichupa viwili. "Ndiyo," alisema, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Katibu, andika. Uchafu umepatikana. Umo kwenye mitungi ya wananchi."

Tume ya watu watatu ikaundwa mle mle, kwa kugeuza viti. Ikamtia Ngwali hatiani kwa kuingiza maji ya nje katika maji ya taifa. Lakini cheti cha usalama wa bwawa kilihitaji saini ya mpimaji, na kwa mujibu wa itifaki mpimaji husimama ukingoni siku ya sherehe na kuinua kichupa juu wakati wa wimbo wa taifa. Kwa hiyo adhabu iliahirishwa mpaka baada ya furaha. Cheti kilishapigwa chapa. Kilisema: Inaridhisha.

Alitia saini. Walimwambia asipotia, mtoto atalala wapi usiku ule? Akatia.

*

Siku yenyewe jua lilitoka kali. Walikuja mabalozi, majenerali, wanawake wa vikundi vya kushangilia wakiwa wamevaa kanga zenye uso wa Mlezi kila mahali, hata pale ambapo si adabu kuuweka uso wa mtu mzima. Mlezi aliketi mbali na maji, chini ya mwavuli, na miguu yake ilikuwa imeinuliwa juu ya kigoda ili isirushiwe tone. Watoto ishirini walijipanga ukingoni wakiwa na nguo nyeupe za kuogelea. Machozi yalikuwa tayari yanawatoka kwa ule mvuke. Mbele yao alisimama Siwatu na bendera ya nchi, yenye buluu ya bahari waliyoiuza, kijani cha mashamba yaliyokauka, na nyekundu ya upendo.

Upande wa pili wa bwawa, Ngwali aliinua kichupa juu. Alimwona mtoto anamtafuta kwa macho, akamwona anatabasamu alipompata.

Ni lazima tueleze jambo moja kuhusu wimbo wa taifa wa nchi hiyo. Una beti kumi na nne, na anayetikisika katikati yake hufungwa mwaka mmoja kwa kila ubeti uliobaki. Hata nzi hupigwa na watu baada ya wimbo. Baada ya ubeti wa kumi na nne ndipo filimbi ingelia na watoto wangerukia majini.

Bendi ikaanza. Umati ukaganda. Na katika mstari wa pili wa ubeti wa kwanza, Mzee Ngwali Faki akakiweka kichupa chini kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai, akajitupa bwawani na nguo zake zote.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Yeye hata hakuvua.

Hakuna aliyemtoa. Walinzi walisimama wima wakiimba kwa meno yaliyofungana. Waziri aliimba huku jasho likimchuruzika. Ngwali alizama, akafumbua macho chini ya maji makusudi, akaibuka, akapiga kelele, "Siwatu usiingie!" lakini ilikuwa ni kwenye kiitikio, na kwaya ya jeshi ilikuwa na watu mia mbili. Akazama tena. Akaibuka, akafumbua tena macho. Alitaka wayaone. Alitaka Mlezi mwenyewe ayaone, na mabalozi, na kila mwenye mtoto pale, maana mwenye macho haambiwi tazama. Kufika ubeti wa tano alikuwa haoni ukingo uko wapi. Kufika wa saba alikuwa anatapika.

Siwatu alikuwa mtoto, na mtoto hana hesabu ya miaka ya jela. Alipiga magoti akanyoosha mkono kwa babu yake, na bendera ikamponyoka ikaangukia majini. Ikatandazika kama kitambaa cha meza. Umati mzima, ukiwa umekatazwa kugeuza hata shingo, ukaitazama kwa beti saba.

Kwanza nyekundu ikawa waridi. Kisha kijani ikafifia ikawa kama chai ya maziwa. Buluu ndiyo iliyokaidi, lakini ilipofika ubeti wa kumi na mbili nayo ikaaga. Bendi ilipomaliza, juu ya maji kilielea kitambaa cheupe.

Watu wawili wakamvuta Ngwali nje. Macho yake yalikuwa kama vidonda viwili, na maji yalimtoka bila kikomo. Mshereheshaji, aliyefundishwa kwamba kimya ndicho adui, akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, tazameni mzee wetu anavyotokwa na machozi ya furaha!" Makofi yakapigwa, mengi, ya watu wanaoogopa kuwa wa kwanza kuacha.

Mlezi aliinua kidole, na makofi yakakatika.

"Bendera yetu," aliuliza polepole, "ina rangi gani?"

Wengine walifikiria watoto wao, wengine viwanja vyao. Profesa Kanali Mwinyikambi akapiga hatua moja mbele.

"Ina rangi hiyo unayoiona, Mtukufu."

Mlezi akafikiri. Akatikisa kichwa kukubali. Akaenda kula keki.

Watoto hawakuogelea. Si kwa sababu ya maji. Ratiba ilisema waogelee nyuma ya bendera ya taifa, na bendera mpya ilikuwa bado haijapitishwa na Bunge. Waliambiwa warudi nyumbani, wakapewa soda.

*

Hospitalini daktari aliyatazama macho ya Ngwali, akatazama ripoti ya siku ile iliyosema bwawa halikuwa na klorini, akaandika kwenye cheti: furaha iliyopita kiasi. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa matone na pamba bila malipo, akamnong'oneza, "Pole sana, mzee wangu. Hayatarudi." Pua nayo ilikuwa imeungua. Tangu siku hiyo Ngwali hakusikia harufu wala ladha, na wali na udongo vilikuwa sawa mdomoni mwake.

Lakini mtoto alikuwa mzima. Usiku wa kwanza Ngwali alimpapasa uso, kope moja moja, akamwuliza anaona taa? Anaiona. Anaona mtungi kule pembeni? Anauona. Ngwali akalia, na safari hii ilikuwa kweli furaha, ingawa ilimuuma kulia.

Bunge lilikutana. Ilibainika kwamba bendera ya taifa ni nyeupe na imekuwa nyeupe tangu uhuru. Wenye bendera za rangi walipewa siku saba kuzileta zirekebishwe. Kadi ya kupimia maji nayo ilichapwa upya, ikawa na visanduku vitano vyeupe, na chini ya kila kimoja limeandikwa neno moja, Inaridhisha. Mtoto alisamehewa kutikisika kwake, na Ngwali naye alisamehewa, kisha akapandishwa cheo kuwa Mpimaji Mkuu wa Taifa. Waziri mwenyewe alieleza sababu redioni: mpimaji asiyeona ndiye pekee asiyeweza kupendelea rangi.

Halafu ikatangazwa zawadi. Kwa kuwa maji yale yaliifanya bendera ing'are, yalikuwa na baraka, na haikuwa haki Mlezi abaki nayo peke yake. Bwawa likafunguliwa kwenye bomba kuu, likijazwa upya na kufunguliwa tena, kila siku, na ndoo ya klorini haikukosa, maana kichupa cha saa tisa kilikuwa bado cheupe. Mtaani kwa kina Ngwali, mabomba yalikohoa, yakatema mjusi wa mwisho, yakatoa maji. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu aliyekaa miezi kumi na mmoja bila maji haulizi yametoka wapi.

Maofisa watatu walifika kila asubuhi kwa Mpimaji Mkuu. Walichota kwenye bomba lake, wakatia matone, wakamwekea kichupa mkononi. Sheria ilitaka atamke rangi na kuweka dole gumba kwenye kitabu. Ngwali aliomba mjukuu wake amsomee, na maofisa hawakuona ubaya, kwa kuwa sheria haikusema lolote kuhusu watoto.

"Rangi gani, mama?"

Siku za mwanzo, klorini ilipokuwa bado haijafika nyingi, Siwatu alisema waridi kidogo, kisha waridi. Ofisa alikohoa na kuandika Inaridhisha. Mara ya tatu aliposema waridi, ofisa alimwuliza jina lake kamili, na la mwalimu wake, akaliandika pembeni.

Asubuhi moja ya wiki ya pili maofisa walikuja kama kawaida. Ngwali alikuwa ameketi kwenye kiti chake na kikombe cha chai. Akapewa kichupa, akakiinua juu, mwanga nyuma yake kama ilivyo desturi, ingawa kwake mchana na usiku vilikuwa kitu kimoja.

"Rangi gani, mama?"

Siwatu alimtazama ofisa, kisha akamtazama babu yake.

"Inaridhisha," alisema.

Ngwali akageuza kichwa upande wa ile sauti. Ofisa akamshika dole gumba, akalichovya kwenye wino, akalibana kitabuni, akashukuru na kumsifu mtoto kwamba sasa anajua kusoma. Wakaondoka. Hatua zao zilipokwisha kusikika, mzee akanong'ona.

"Siwatu. Njoo. Wamekwenda. Ilikuwa rangi gani?"

Mtoto alichungulia mlangoni kwanza. Alikuja akasimama karibu na goti lake.

"Haipo kwenye kadi, babu."

"Nyekundu?"

"Kama rosela. Nisingesema vile, wangekuchukua."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa ameshakunywa nusu, na hakikuwa na ladha, lakini hakuna kilichokuwa na ladha.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu iliyopita. Nilikuwa nasema waridi tu."

Ngwali akakiweka kikombe chini, akaupapasa uso wa mtoto, midomo iliyopasuka, kope zilizovimba, moja moja.

"Na wewe, mama, siku zote hizo ulikuwa unakunywa nini?"

"Haya haya, babu," alisema Siwatu. "Hakuna mengine."